Kariobangi hadi Magadi kwa baiskeli ya injini

Simulizi hii imeundwa baada ya kurudi, kutoka kwa daftari lililojaa alama za oili na picha za simu. Tulifunga injini kwenye baiskeli, tukaiendesha kutoka mtaa wa Kariobangi, Nairobi, hadi mji wa Magadi kando ya ziwa. Ni kilomita 120 hivi kwenda, na zilezile kurudi, lakini nusu ya kazi ilifanyika karakana kabla gurudumu halijagusa lami. Mwenye haja ya barabara pekee aruke hadi Ijumaa.

Jumamosi: Gikomba na Kirinyaga Road

Baiskeli kwanza, kutoka soko la mitumba la Gikomba. Wengi hukimbilia Black Mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, kwa sababu fremu yake ni nzito na nafasi ya katikati ni kubwa. Kwa kazi hii haifai, na sababu ni mbili. Ringi ya nyuma ya Mamba huwa na spoki 40, ilhali sproketi ya injini, yaani gurudumu la meno linaloshika cheni, huja na matundu 9 yaliyopimwa kwa ringi ya spoki 36: kila upande spoki 18, bolti moja kwa kila spoki mbili. Ukiilazimisha kwenye spoki 40, bolti zinagonga spoki na sproketi inakaa upande. Pili ni zile breki za vyuma zinazobana ringi kwa ndani. Zikilowa hazishiki. Anayeendesha kwa miguu anaweza kuzivumilia, mwenye injini hawezi.

Kwa hiyo tulichukua baiskeli ya mlima ya mtumba, magurudumu ya inchi 26, spoki 36, breki za mikono miwili zinazobana ringi kutoka pembeni. Bei ilianza shilingi 11,000, ikaishia 8,500. Nenda na sumaku mfukoni: ikishika fremu, ni chuma. Aluminiamu hupasuka kwenye maungio kwa mtikisiko wa injini, na si kila fundi anaweza kuichomelea. Pima pia unene wa paipu mbili, ya mbele na ya kiti. Vishikio vya injini vimetengenezewa paipu ya milimita 28.6, na baiskeli nyingi za mlima zina paipu nene zaidi upande wa mbele.

Injini ni ya stroki mbili, ya kupozwa na upepo, na inauzwa ikiwa seti nzima kwenye boksi: tangi la lita 2, kabureta, cheni, sproketi ya meno 44, klachi, eksozi na nyaya. Tulilipa 21,000. Wauzaji husukuma ile wanayoiita cc 80, ambayo kwa hesabu ya silinda ya milimita 47 na mwendo wa pistoni wa milimita 38 inatoka cc 66. Tulitaka ndogo, milimita 40 kwa 38, yaani cc 48 pungufu kidogo. Haitikisiki kama ile kubwa, na leseni ya daraja la A1 ni ya vyombo visivyozidi cc 50.

Hapa pana jambo la karatasi. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inahesabu chombo cha barabarani kinachosukumwa na mashine kuwa gari lenye injini. Ulizia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, usajili na bima kabla ya kutoka, vaa helmeti na jaketi la kuakisi mwanga. Hoja ya "hii ni baiskeli tu, afande" haifiki mbali.

Kirinyaga Road, mtaa wa maduka ya vipuri, tulichukua plagi nzuri (350), kifuniko cha plagi cha pikipiki (200), nati za nailoni na oili ya 2T, ile ya injini za stroki mbili, lita moja (650). Boksi la injini huja na plagi na nati zake. Tupa zote mbili.

Jumatatu: Kariobangi, kufunga injini

Kazi yote ngumu iko kwenye gurudumu la nyuma. Sproketi hubanwa kwenye spoki kwa raba mbili, moja ndani na moja nje, na vipande vitatu vya chuma. Bolti 9 hukazwa kwa mpangilio wa nyota, kila moja nusu mzunguko, kisha unarudi tena. Ukikaza moja hadi mwisho kabla ya nyingine, sproketi inalala upande na cheni itaruka siku ya kwanza. Geuza baiskeli juu chini, shika bisibisi karibu na meno, zungusha gurudumu. Ikicheza zaidi ya milimita moja, legeza upya. Saa mbili zilikwisha hapo, na ni saa zilizotumika vizuri.

Paipu ya mbele ilikuwa nene, kishikio hakikuingia. Muuzaji atakushauri utie raba katikati ili "kunyonya mtikisiko". Usikubali. Raba huiacha injini icheze, na kinachocheza hukata bolti zake. Fundi wa leithi, mashine ya kukereza vyuma, pale Kariobangi alichonga kipande cha aluminiamu chenye mgongo wa duara unaokaa sawasawa na paipu, akatoboa matundu mawili, akatoza 600. Injini na fremu zikawa kitu kimoja.

Kinachoua watu kwenye vyombo hivi ni kikaza cheni. Ni kigurudumu kidogo kinachobanwa kwa mabano kwenye paipu ya chini ya nyuma. Bolti zikilegea, mabano yanazunguka na kigurudumu kinaingia kwenye spoki. Gurudumu linasimama hapohapo. Tulichomelea kipande kidogo cha bati nene ili kuunganisha mabano na paipu ya juu yake, ili hata zikilegea kiasi gani yasiweze kugeuka. Kuchomelea ni sawa, lakini usitoboe fremu. Cheni iachwe na ulegevu wa milimita 12 hadi 15.

Jumanne: nyaya, mafuta, moto wa kwanza

Nyaya ni rahisi: bluu kwa bluu, nyeusi kwa nyeusi. Waya mweupe unaotoka kwenye injini uzibe kwa tepu uuache. Wapo wanaounganisha taa hapo, na moto wa plagi unakuwa dhaifu. Taa za betri za baiskeli zinatosha.

Shingo ya kabureta ndiyo hupitisha hewa ya wizi. Kabureta huvalishwa kwenye paipu ya injini na kubanwa kwa skrubu moja tu. Hewa ikipenya, mafuta yanapungua kwenye mchanganyiko na pistoni inaungua. Weka pete ya raba ndani ya shingo kabla ya kubana. Kujaribu, injini ikiwa inaunguruma polepole, pulizia maji kidogo kwenye ungio. Mlio ukibadilika, kuna mwanya.

Mafuta: lita 4 za kwanza tulichanganya 20 kwa 1, yaani mililita 50 za oili kwa lita moja ya petroli. Baadaye 25 kwa 1, mililita 40. Nunua sindano kubwa ya mifugo duka la agrovet, ina alama za mililita. Vifuniko vya chupa ni kubahatisha. Petroli ya Nairobi ilikuwa kama shilingi 180 kwa lita. Bei hubadilika tarehe 15 ya kila mwezi, kwa hiyo angalia tangazo la EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli.

Kuwasha: vuta klachi uifunge kwa kipini chake, piga pedali hadi mwendo wa mtu anayekimbia, achia klachi polepole. Injini ikishika, vuta klachi tena ukitaka kusimama. Haina gia.

Moto wa kwanza ulikoroma na kutoa moshi mweusi. Ni kawaida ya Nairobi. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta iliyopimwa kiwandani kwa nchi ya chini inamwaga petroli kupita kiasi. Fungua juu ya kabureta, toa sindano yake, uone kiklipu kwenye mikato. Kukipandisha mkato mmoja kunaishusha sindano, na petroli inapungua. Baada ya hapo mlio ukawa laini, na plagi ikatoka na rangi ya kahawia kama chai ya maziwa, badala ya masizi.

Jumatano na Alhamisi

Kuzoesha injini, Outer Ring Road kwenda na kurudi kwa mwendo wa kilomita 20 hadi 25 kwa saa, bila kushikilia kasi moja kwa muda mrefu. Nati zote zilikaguliwa baada ya kilomita 10, tena baada ya 30. Bolti za sproketi zilisogea robo mzunguko mara ya kwanza, mara ya pili hazikusogea.

Ijumaa: Kariobangi, Rongai, Kiserian, Olorgesailie

Kuondoka saa kumi na moja alfajiri. Outer Ring, Mombasa Road, Nyayo, Lang'ata Road, Bomas. Barabara ya juu, Expressway, hairuhusu baiskeli wala pikipiki, kwa hiyo ni ile ya chini pamoja na malori. Kwa kilomita 30 kwa saa, injini inazunguka karibu mara 4,400 kwa dakika. Kwa 40 inakaribia 5,900, na hapo mikono inaanza kufa ganzi. Tulibaki kwenye 30.

Magadi Road hufuata ua wa mbuga ya Nairobi kwa kipande kirefu, na asubuhi kuna baridi. Rongai ni Rongai: matatu tatu sambamba kwenye barabara ya mbili, honi, muziki. Baiskeli ya injini haina mlio wa kutosha kuwatisha. Kaa kushoto, uache wapite.

Kiserian chai ya maziwa na chapati mbili vilikuwa 80. Jaza tangi hapa, na chukua kidumu cha chuma cha lita 2 chenye mafuta yaliyokwisha kuchanganywa. Injini hii ilikula lita moja kwa kilomita 42 hadi 45, kwa hiyo tangi peke yake halifiki Magadi kwa amani. Petroli ya chupa za barabarani huenda imechanganywa na mafuta ya taa.

Baada ya Kiserian barabara inapanda hadi Corner Baridi, mwishoni mwa vilima vya Ngong, kisha Bonde la Ufa linafunguka chini yako. Simama. Si kwa ajili ya picha tu.

Kwa atakayefuata: mteremko ndio unaoua injini ya stroki mbili. Oili yake iko ndani ya petroli. Ukifunga mkono wa mafuta na kuiacha baiskeli ishuke klachi ikiwa imeachiwa, gurudumu linaizungusha injini kwa kasi huku petroli ikiwa imekatwa, na pistoni inasuguana na silinda kavu. Vuta klachi, ifunge kwa kipini, acha injini iungurume taratibu, ushuke kwa breki. Na breki nazo hupasha ringi moto. Kila kilomita mbili tatu simama, gusa ringi kwa ncha ya kidole. Ikiwa huwezi kukiacha kidole hapo, subiri, kwa sababu tyubu hupasuka kwa joto. Raba za breki za mbele zilipungua unene wazi kati ya Corner Baridi na Kisamis.

Kisamis nyama ya mbuzi ilikuwa 800 kwa kilo ikiwa imechomwa, ugali 50. Mama wa kibanda alitazama injini, akauliza kama inaweza kusaga mahindi.

Karibu na Ol Tepesi mlio ulibadilika ghafla ukawa wa kupasuka. Kishikilia eksozi kilikuwa kimekatika kwenye mshono, palepale kinapokatika kwa kila mtu: paipu ni ndefu, imeshikwa juu tu, na uzito wote unaning'inia kwenye bolti mbili za silinda. Mzee mmoja wa Kimaasai aliyekuwa na mbuzi zake alisimama. "Sopa." Akaitikiwa "Ipa," akatazama, akaenda nyumbani kwake akarudi na waya wa ua. Aliufunga mwenyewe, mizunguko sita kutoka kwa eksozi hadi fremu, akaukaza kwa msumari. Alikataa pesa, akakubali maji ya baridi. Waya ule ulirudi hadi Kariobangi. Usiukaze waya kabisa, acha eksozi icheze kidogo, la sivyo inakata bolti za silinda badala ya kishikilia.

Usiku Olorgesailie, kwenye banda za makumbusho. Leta chakula na maji yako. Asubuhi kuna matembezi kati ya vishoka vya mawe vilivyolala pale palipopatikana, eneo ambalo wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walianza kuchimba miaka ya 1940.

Jumamosi: Olorgesailie hadi Magadi

Kipande kikavu, lami ya viraka. Injini ilizima baada ya kama dakika ishirini, ikawaka, ikazima tena. Plagi ilikuwa na moto na petroli ilikuwemo. Kifuniko cha tangi kilipofunguliwa kilivuta pumzi kwa sauti, kisha kila kitu kikawa sawa. Tundu la hewa la kifuniko lilikuwa limezibwa na vumbi lililoshikana na oili. Sindano ya kushonea ilimaliza kazi.

Mwiba wa mgunga ulitoboa tairi la nyuma kabla ya saa tatu. Kutoa gurudumu lenye cheni mbili huchukua muda mara tatu ya baiskeli ya kawaida, kwa hiyo usilitoe: vuta upande mmoja wa tairi, toa kipande cha tyubu, bandika kiraka, rudisha. Papasa ndani ya tairi kwa kitambaa. Mwiba ulikuwa bado umo.

Mchana joto likawa kali. Mrija wa mafuta ni wa plastiki inayopitisha mwanga, na mapovu yalionekana yakipanda pale unapopita karibu na silinda: petroli inachemka kabla ya kufika kwenye kabureta. Tuliuzungusha upande wa pili wa fremu na kuuvika kitambaa chenye maji. Maliza barabara hii kabla ya saa nne.

Magadi iko karibu mita 600. Kuna kizuizi unapoingia mji, eleza unakokwenda kwa heshima. Chumba 1,200, feni inafanya kazi. Ziwa ni jeupe na la waridi, kampuni ya magadi ya hapo ilianzishwa 1911, na flamingo wanaonekana kutoka kwenye tuta la barabara linalokatiza chumvi. Usiendeshe kwenye ukoko wa ziwa, hata kama unaonekana mgumu. Na osha cheni jioni hiyohiyo kwa maji matamu, kisha oili.

Kuhusu kabureta huku chini: hewa ni nzito zaidi, kwa hiyo mpangilio wa Nairobi unaleta petroli kidogo mno. Lakini joto huifanya hewa kuwa nyepesi tena. Kwa hesabu, saa nane mchana, nyuzi 38, hewa ya Magadi inaizidi ya Nairobi kwa asilimia 8 hivi. Alfajiri, nyuzi 26, ni kama 12. Ndiyo maana injini iliyokwenda vizuri mchana ilianza kugonga kwa sauti kavu alfajiri. Kiklipu kilirudishwa chini mkato mmoja kabla ya kuondoka, ikatulia.

Jumapili: kupanda

Kuondoka saa kumi usiku. Hadi Olorgesailie hapana la kusimulia.

Kuanzia hapo barabara inapanda hadi Corner Baridi, na cc 48 na sproketi ya meno 44 hazitoshi peke yake. Piga pedali pamoja na injini. Usiiache ishuke chini ya kilomita 12 kwa saa huku mkono umefunguliwa wote: inazunguka polepole, upepo hakuna, kichwa cha silinda kinachemka. Ukiona nguvu inapungua bila sababu, zima, kaa chini ya mti robo saa. Mwenye kupanga safari ya milima tupu anunue sproketi ya meno 50.

Chini ya Kisamis dereva wa pikapu iliyobeba mbuzi alisimama akasema, "Leteni huo mzigo, mtaukuta juu." Alichukua begi na kidumu, akaondoka. Corner Baridi mama wa kibanda cha chai aliuliza rangi ya begi kabla ya kulitoa chini ya meza. Dereva hakuwa ameacha hata jina. Hapo kiklipu kikapandishwa tena mkato mmoja, maana mlio ulikuwa umeanza kukoroma tangu Kisamis.

Kariobangi jioni. Petroli yote, kwenda na kurudi, lita 5 na nusu, karibu 1,000, na oili juu yake.

Kilichoonekana baada ya kufungua

Plagi kahawia safi. Silinda haina mikwaruzo. Cheni imerefuka kiasi cha kutoa pingili moja. Raba ya ndani ya sproketi imeliwa upande mmoja, na imebadilishwa kwa kipande cha tairi kuukuu la gari, kilichokatwa kwa kisu na kutobolewa kwa chuma cha moto, 150 kwa fundi wa viatu. Raba za breki seti nzima, 400. Eksozi sasa ina kishikilia cha pili kilichochomelewa kwenye fremu, na waya wa mzee umefungwa juu yake.